"Kwa sababu ni jasiri" si jibu

Swali nililowapa wanafunzi ni kwa nini Jim, kijana wa Kisiwa Chenye Hazina, alitoroka ngomeni, na nimeletewa tena uchambuzi uleule: "Jim alitoroka ngomeni kwa sababu ni jasiri." Ujasiri wake tumeuona wapi? "Alitoroka ngomeni." Haya, tumeuzunguka mbuyu na kurudi palepale.

Kitabu ni cha Robert Louis Stevenson, kilichapishwa mwaka 1883. Mambo ya mhusika bapa (mwenye sifa moja tu) na mhusika duara (mwenye sura nyingi) tuyaweke kando, hapa hayatufikishi popote. Fungua ukurasa wenyewe. Mapigano na maharamia yametulia, daktari wa kundi la Jim ametoka zake anatembea kwenye kivuli cha msitu. Jim amebaki kwenye nyumba ya magogo iliyomo ngomeni, anaosha sakafu, kisha vyombo vya chakula cha mchana. Jua linamchoma, nguo zimenata kwenye utomvu wa moto, damu na maiti kila upande. Yeye ndiye msimulizi, na anazitaja hisia zake bila kuulizwa: wivu na kinyaa. Kinyaa chenyewe, anasema, kilikaribia woga kwa nguvu.

Halafu anajikuta karibu na mfuko wa mikate, hakuna anayemtazama, anajaza biskuti mifuko yote miwili ya koti.

Biskuti, jamani! Bastola zinafuata, na mpango wa kutafuta mtumbwi anatueleza baada ya hapo. Kwa jinsi anavyosimulia, mkono umetangulia, sababu ikafuata nyuma. Ndiyo, anakiri kwamba kitendo kilikuwa cha kijinga na cha ujasiri uliopita kiasi, ila hapo anakipa kitendo jina, hasemi kilitoka wapi. Tena anakiri kosa zito zaidi: aliacha watu wawili tu wazima wa kulinda nyumba. Ukiandika "jasiri" ukaweka nukta, umemfutia wivu, kinyaa na hatia kwa neno moja.

Kuna jambo linaloninyima raha. Jim anasimulia mambo yakiwa yamekwisha, na mwandishi alihitaji mtu wa kwenda kuikata kamba ya nanga ya meli iliyokuwa mikononi mwa maharamia. Huenda kinyaa kile kilipachikwa tu ili msuko usonge. Kila nikisoma sura ile najaribu kutenganisha hisia ya mhusika na haja ya mwandishi, na sijaweza.

Kuna mtoto aliwahi kunijibu, "Alichoka kuosha vyombo." Wenzake wakacheka. Nilimpa alama zote.