Hendikapu ya gofu ni nini, na afya ya akili yaingiaje hapo

Hendikapu ni namba. Mchezaji gofu wa klabu anakuwa nayo, na kazi yake ni kuonyesha uwezo wake uko wapi, ili akikutana na mtu anayemzidi mbali bado mechi iwe na maana. Kwenye gofu wahesabiwa mikwaju, yani mara ngapi umeupiga mpira, na mwenye michache ndo mshindi. Mwenye 18 akicheza na mwenye 4 apewa mikwaju kama 14 ya bure halafu ndo matokeo yanalinganishwa. Namba ndogo maanake we ni mkali, kubwa bado wajifunza, na mwisho wake ni 54. Mpaka hapo watu wengi wajua. Kitu ambacho hata baadhi ya wanaocheza kila Jumamosi hawakitilii maanani ni vile hiyo namba inavyopatikana, na mimi naona somo la afya ya akili liko hapo kuliko kwenye zile hadithi za hewa safi na kutembea kwenye nyasi, maana hewa safi hata ukikaa Lighthouse, kando ya bahari hapa Mombasa, na mhogo wako waipata bure.

Tangu 2020 karibu dunia nzima yatumia mfumo mmoja, uliowekwa na mashirika mawili yanayotunga sheria za gofu, R&A na USGA. Wanaangalia raundi zako 20 za mwisho, wachagua 8 bora, wazitafutia wastani, basi. Zile 12 nyingine hazifutwi, ziko kwenye rekodi, lakini haziingii kwenye kusema uwezo wako ni upi. Ukicheza raundi ya 21 ile ya zamani kabisa yatoka kwenye hesabu, hata kama siku hiyo ulitaka kuvunja fimbo.

Sasa tazama vile mtu aliyelemewa na mawazo anavyopiga hesabu yake. Afanya kinyume kabisa, achukua zile 12 mbovu aziweka mbele, na hizo 8 nzuri asema zilikuwa bahati tu au watu walimuonea huruma, halafu akishatoka na wastani wake mbaya auamini kama ameletewa na benki. Ukimwambia "lakini si mwezi juzi ulifanya hivi na vile" akujibu ah, hiyo si kitu. Kwenye gofu hiyo ndo kitu, ndo yenyewe inayohesabiwa.

Kuna kanuni nyingine naipenda zaidi. Kila shimo lina kikomo cha ubaya. Tuseme uko pale Mombasa Golf Club, uwanja wa mashimo 9 ulio kando ya bahari upande wa Mama Ngina, wauzunguka mara mbili kupata 18. Shimo ni la pa 4, yani mchezaji hodari atarajiwa kulimaliza kwa mikwaju 4, hendikapu yako 18 kwa hivyo una mkwaju mmoja wa ziada pale, na siku hiyo mambo yakaenda kombo, mpira huku, mpira kule, ukamaliza kwa mikwaju 11. Kwa hesabu ya hendikapu yaandikwa 7, yani pa, jumlisha 2, jumlisha ule mkwaju wako. Ile 11 ni kweli ilitokea, na kama ilikuwa mashindano ya kuhesabu mikwaju kombe lishaenda kwa mwingine, hakuna wa kukudanganya kwamba ulicheza vizuri. Ila shimo moja haliruhusiwi kuharibu picha yote ya uwezo wako. Rory McIlroy, mmoja wa wachezaji gofu wakubwa duniani, mwaka 2025 siku ya mwisho ya Masters, yale mashindano makubwa ya Marekani, alianza shimo la kwanza kabisa kwa mikwaju miwili juu ya pa, na la 13 akatia mpira majini akarudia kosa lilelile la mikwaju miwili, na jioni ndo yeye aliyevishwa lile koti la kijani la bingwa.

Halafu kuna upepo, na hili watu wa pwani wataelewa haraka. Mfumo waangalia matokeo ya wote waliocheza uwanja ule siku ile, wakiwa wametimia angalau 8, na ikionekana karibu wote wamevurunda kupita kawaida yao, basi yachukuliwa kwamba hali ya siku ilikuwa ngumu na kila mtu arekebishiwa. Kusi ikivuma vile inavyovuma Julai huwezi kumlaumu mtu peke yake. Nikifikiria hili nawakumbuka wafanyikazi wa hoteli kule Nyali na Bamburi, ikifika Aprili mpaka Juni wageni hakuna, watu warudishwa nyumbani bila mshahara, na utamkuta baba wa watu amejifungia ndani ajiona ni mzembe, ameshindwa na maisha, na hali jirani yake wa tuktuk alia, muuza vinyago alia, mama wa samaki naye vilevile. Kadi za matokeo za wengine hajaziangalia, aangalia yake tu.

Na hendikapu haifichwi. Klabuni mtu akuambia "mimi niko 24" kama anavyokutajia mtaa wake, wala hakuna anayecheka, sanasana watacheka yule anayejiongezea namba kusudi awe anabeba zawadi kila tonamenti, na huyo kila klabu yuko. Huku kwetu barazani mtu atakutajia sukari na presha mpaka namba za mashine, lakini la kukosa usingizi kwa mawazo halitoki. Sheria nayo haikusaidia, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai Kenya mpaka Mahakama Kuu ilipoamua Januari 2025 kwamba kifungu kile kinakwenda kinyume na Katiba. Nani angesema?

Lakini mfano huu una pahali unakatikia na sitaki kuuvuta kwa nguvu. Kwenye gofu kuna breki, hata ucheze vibaya vipi hendikapu yako haiwezi kupanda zaidi ya 5 juu ya kiwango chako bora cha miezi 12 iliyopita. Binadamu hana breki hiyo, aweza kushuka na kushuka. Ndo maana madaktari nao hawapimi kwa siku moja, ile fomu yao ya kupima sonona, yani depression, inayoitwa PHQ-9, ina maswali 9 na yote yauliza kuhusu wiki 2 zilizopita, umekuwa huna raha siku ngapi, usingizi je, hamu ya chakula je. Siku moja mbaya ni shimo moja. Wiki 2 mfululizo karibu kila siku, hiyo ni habari nyingine, na ukiwa na mawazo ya kujidhuru hata hizo wiki usizingoje.

Hata hiyo breki ya gofu, mtu akiumia au akiugua kamati ya klabu yaweza kuiondoa apate namba inayolingana na hali yake, ila mpaka wajue, na wa kuwaambia ni mchezaji mwenyewe. Kwa Mombasa kitengo cha afya ya akili kiko hospitali ya Port Reitz, na kama ni mbali anzia hospitali ya karibu na kwako, waombe wakuandikie barua ya rufaa.