Menyu haina kikomo cha vitu saba

Wiki iliyopita mteja alinirudishia mchoro wa menyu, yaani orodha ya chaguo kwenye skrini, akiwa ameandika pembeni: "Vipo tisa. Punguza viwe saba, ubongo haubebi zaidi." Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, kwa wateja na hata kwa wasanifu wenzangu, na safari hii nimeona niyajibu kwa maandishi.

Saba hiyo inatokana na makala ya George Miller, mwanasaikolojia wa Marekani, ya mwaka 1956. Sehemu ya makala ilihusu mtu anayesomewa mfululizo wa tarakimu au maneno kisha ayarudie papo hapo, kwa kichwa. Menyu ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa ipo mbele ya macho. Mtumiaji haibebi kichwani. Anaipitia kwa macho mpaka akutane na neno analolitafuta. Kutambua kitu unachokiona ni kazi nyepesi kuliko kukikumbuka kikiwa hakipo, na tofauti hiyo ndiyo msingi wa nusu ya kazi yetu. Isitoshe, mwaka 2001 mwanasaikolojia Nelson Cowan alipitia ushahidi akaonyesha kwamba mtu akizuiwa kurudiarudia moyoni na kuunganisha vitu kwa mafungu, hushika vinne hivi. Kwa hiyo hata kama kanuni ya kumbukumbu ingehusu menyu, saba isingekuwa namba yake.

Kinachoniudhi ni madhara yake. Ukilazimisha saba, vilivyobaki vinasukumwa chini ya "Zaidi" au "Huduma nyingine", na mtumiaji anabaki kukisia. Mwaka 1985 watafiti Landauer na Nachbar walilipima jambo hili: vitu 4,096, menyu zenye chaguo 2, 4, 8 au 16 kwa kila skrini. Kwa chaguo mbilimbili unachagua mara 12 kabla ya kufika. Kwa 16, mara 3 tu. Menyu pana ndizo zilizowafikisha watu haraka. Orodha ikiwa na mpangilio unaoeleweka, kuongeza chaguo maradufu huongeza muda kidogo tu, lakini kila skrini mpya inamdai mtu uamuzi mpya. Orodha ndefu iliyovurugika inachosha kweli, ila dawa yake ni kuipanga na kuiwekea vichwa vidogo kwa maneno wanayoyatumia watumiaji wenyewe.

Kama kikomo cha kumbukumbu kinakukera, kiheshimu pale kinapouma: fomu inayouliza namba ya kumbukumbu iliyoonyeshwa kurasa mbili nyuma, au namba ya uthibitisho yenye tarakimu nyingi zilizoshikana bila nafasi. Namba ya kumbukumbu ionyeshe palepale inapohitajika, na ndefu zote zigawe mafungu ya tatu au nne. Wateja waliopigania saba kwa nguvu zote hupitisha fomu kama hizo bila neno.

Na ile kanuni nyingine, kwamba kila kitu kipatikane kwa mibofyo mitatu? Hapana. Mtu hubofya hata mara sita bila kulalamika akiona kila hatua inamsogeza karibu. Akibofya mara moja tu akapotea, anakata tamaa.

Wengine husema: "Makosa ni ya mtumiaji, afundishwe." Katika Vita Kuu ya Pili, marubani wa B-17, ndege za Marekani za kudondosha mabomu, watu waliofunzwa vizuri, walikuwa wakishatua wanakunja magurudumu badala ya mabapa ya mabawa. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis aliona kwamba swichi hizo mbili zilifanana na zilikaa jirani. Dawa yake ilikuwa kuzipa maumbo tofauti, moja kama gurudumu na nyingine kama kabari, mkono uzitofautishe. Ukiona watumiaji wengi wanakosea mahali pamoja, tazama skrini kwanza.

Na ukubwa wa onyo jekundu hauhakikishi kwamba litasomwa. Likitokea kila siku, kidole kinabonyeza "Ndiyo" kabla jicho halijafika. Kwa kufuta kitu cha kawaida, liondoe lile dirisha la "Una uhakika?" na uweke kitufe cha kutendua, yaani cha kurudisha kilichofutwa, kikae wazi muda wa kutosha mtu kugundua alichokifanya.