Zaburi ya 107 na baiskeli ya marehemu baba

Kukomboa lilikuwa neno la dukani kabla halijawa la kanisani. Hapa Bagamoyo mtu akiweka redio yake rehani, siku akipata pesa hasemi anakwenda kuichukua. Anakwenda kuikomboa. Nafundisha makatekista Agano la Kale, na kila tukifika Zaburi ya 107 naanzia hapo kwenye rehani, maana neno likishazoea madhabahu watu husahau kwamba lina bei.

"Na waseme hivi waliokombolewa na Bwana," unasema mstari wa 2. Kiebrania kina vitenzi viwili ambavyo sisi tunaviita kukomboa. Padah kinatazama malipo: fidia imetolewa, mtu ametoka. Ga'al kinamtazama mlipaji, naye ni ndugu. Ukisoma Walawi 25 utaona: mtu akifilisika hata akajiuza kwa mgeni, wa kumtoa ni ndugu yake, au ami yake, au mtoto wa ami yake. Boazi alimsimamia Ruthu, mjane wa jamaa yake, kwa utaratibu wa namna hiyo hiyo. Na Zaburi ya 107 imetumia ga'al. Maana yake Mungu hapa hajaja kama tajiri mwenye huruma; amekuja kama mtu wa ukoo anayedai aliye wake.

Sisi wa Bagamoyo hatuwezi kuupita mstari huo mbio. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni hapa mwaka 1868, na kijiji chao cha Kikristo kilikuwa cha watu waliotolewa utumwani, wengine kwa kununuliwa, pesa taslimu, wakati soko la watumwa la Unguja bado liko wazi. Lilifungwa mwaka 1873. Walionunuliwa walipewa viwanja, wakaoana, wakaishi kwa sheria za misheni. Huwa nawauliza wanafunzi wangu: ile ilikuwa padah au ga'al? Wapo wanaonuna. Mimi naona fedha ililipwa siku moja, lakini undugu ulichelewa, na pengine haukufika kabisa.

Turudi kwenye Zaburi yenyewe. Ina makundi manne: waliopotea jangwani, waliofungwa gizani kwa chuma, waliougua kwa upumbavu wao, na wanamaji. Kila kundi linamlilia Bwana, linaokolewa, linaambiwa lishukuru, kwa kiitikio kile kile. Matatu ya mwanzo nayaacha, nina neno na wanamaji.

Siku moja nilimsomea mzee mmoja mvuvi mistari ya 23 hadi 30, pale pwani wanapokaanga samaki. Ni Mwislamu, na Zaburi anaijua kwa jina lake na kwa heshima yake. Alisikiliza huku akishona jarife, nami nikasoma jinsi mawimbi yanavyowapandisha mbinguni na kuwashusha vilindini, wakapepesuka kama walevi. Akanikatisha. "Mwalimu, aliyeandika haya amepata kulowa."

Nikamweleza mwisho wa mstari wa 27. Biblia yetu inasema akili zao zawapotea, lakini Kiebrania kinasema hekima yao yote imemezwa, na hekima hiyo, hokhma, ni pamoja na ufundi wa mtu katika kazi yake. Mzee akaacha sindano. Akasema ndivyo ilivyo: kusi likichafuka, nahodha wa miaka arobaini na mtoto aliyepanda chombo jana wanakuwa sawasawa, wote wanaita jina moja tu.

(Hapa pana kituko kidogo ninachokipenda. Mstari wa 3 unataja pande nne walikokusanywa waliokombolewa, lakini mahali tunaposoma "kusini" Kiebrania kimeandika "bahari". Kwa kawaida bahari katika Biblia ni magharibi, kwa sababu ndiko iliko ukiwa Yerusalemu. Kwetu jua linachomoza humo humo baharini. Darasa zima huchanganyikiwa, na mimi nafurahi.)

Sasa ibada iko wapi? Mstari wa 32 unawataka waliofika bandarini wamhimidi Bwana "katika baraza la wazee". Kiebrania ni moshav, mahali pa kukaa. Watafsiri walipata neno kamili. Baraza tunalijua: ni lile la nje ya nyumba, penye kahawa na bao, na wazee wanaojua madeni ya kila mtu. Mwanamaji hatakiwi kumaliza shukrani yake chumbani. Aende akakae pale aseme: nililia, nikatolewa.

Hapo ndipo Zaburi iliponikamata na mimi. Nilipokuwa kijana niliweka rehani baiskeli ya marehemu baba, kwa deni ambalo sababu yake haipendezi kuandikwa. Baba mdogo alisikia. Alikwenda kwa mdai bila kuniambia, akarudi jioni anaisukuma, akaiegemeza kwenye mwembe, akaomba maji ya kunywa. Ami, kama Walawi ilivyosema. Sikumshukuru. Niliona haya, haya ikageuka mazoea, na miaka ikapita nikifundisha ga'al kwa mifano ya Boazi.

Kwaresima iliyopita jumuiya yetu ndogondogo ilikutana kwake, kwenye baraza lake. Zamu ya kuongoza tafakari ilikuwa yangu. Nikasoma "na waseme hivi", kisha nikaeleza habari ya baiskeli mbele ya wote, deni na sababu yake, nikamgeukia na kusema, "Asante, baba."

Alikaa kimya kidogo, kikombe mkononi. Halafu akawageukia wenzake.

"Lakini hakuwaambia kwamba niliirudisha haina kengele. Yule bwana aliing'oa."

Ndipo tukaimba.