Hiyo mnayoita ruzuku ya sola si ruzuku

Jumamosi nilikuwa duka moja la vifaa vya stima hapa Nakuru tauni, nimeenda tu kuchukua waya na soketi mbili, na mbele yangu kwa foleni kulikuwa na mzee wa Njoro amekasirika kabisa. Ameshika karatasi ya bei, paneli moja na betri yake, anamwambia kijana wa kaunta, "Kijana yangu, hii ni sola ya ruzuku, serikali imeshalipa nusu, mbona unaniuzia bei yote?" Kijana naye bila hata kuinua macho kwa simu akamjibu, "Mzee, ruzuku iko hapo ndani tayari, hiyo ndiyo bei ya ruzuku."

Mzee nilimwelewa. Yeye amesikia redioni, akaamini. Lakini kijana anauza hivi vitu kila siku, na sasa wako wawili wanabishania kitu ambacho hakipo, mmoja anaidai na mwingine anasema ameshaipeana. Na hii ni mara ya tatu nasikia hiyo maneno mwezi huu, mara ya kwanza ilikuwa kwa matatu ya Kisumu tukiwa karibu Kericho na mtangazaji alikuwa anasoma habari za majiko ya kisasa, ruzuku hapa ruzuku pale, na ukisikiza vizuri hakuna ruzuku hata moja ametaja.

Kwa ufupi basi, ruzuku ni pesa ambayo serikali inatoa mfukoni na kulipa sehemu ya bei ya kitu ndio wewe ulipe kidogo. Hiyo tu.

Mfano kila mtu anajua ni mbolea. 2022 gunia la kilo 50 lilikuwa limefika kama elfu sita na kitu, serikali ikasema mkulima atalipa 3,500, mwaka uliofuata ikashuka 2,500, na ile tofauti ikalipwa na serikali. Kuna bei mbili pale, ya duka na yako, na kuna mtu amelipa katikati. Nadhani hapo ndipo shida ilianzia, juu baada ya mbolea ya ruzuku watu wa huku kwetu walishika hilo neno na sasa kila kitu kikipungua bei ni cha ruzuku, hata gesi, hata sola, hata mtu akipunguziwa mitumba Gikomba atakwambia ni bei ya ruzuku.

Na neno lenyewe halifichi maana yake, ndio maana linaniuma hivi. Ruzuku na riziki ni watoto wa tumbo moja, shina ni lile la Kiarabu la kupa mtu cha kumtosha, na Kiswahili kikachukua yote mawili, nomino na kitenzi. Unasema Mola akuruzuku, na hapo hakuna mtu anafikiria Mola ameacha kukudai kitu, maana yake ni kwamba ametoa, kuna mkono umenyooshwa na kuna kitu kimewekwa kwa kiganja chako. Wako wanaosema hata Waarabu walilipata kwa Waajemi, ambao kwao roz ni siku, kwa hivyo riziki ni kile cha leo, cha kuweka sufuria jikoni jioni hii. Mimi hiyo asili naipenda sana. Ruzuku ni kitu unaweza kuuliza, kimetoka mkono gani, na kimefika lini?

Sasa linganisha na msamaha wa kodi, ambao ndio sola ilipata. Kusamehe ni kuacha kudai. Nikikupa elfu moja nimekuruzuku, lakini kama nilikuwa nakudai elfu moja nikakwambia achana nayo, nimekusamehe. Mfukoni kwako unaweza kuona ni sawa tu, na wachumi watakuja hapa waniambie ni kitu kimoja, kwamba kodi isiyokusanywa ni pesa imetumika, na kweli Hazina ya Kitaifa imekuwa ikitoa ripoti ya kuhesabu hizo kodi zilizoachiliwa. Sawa, serikali inagharamika, sikatai. Lakini kwa yule mzee wa Njoro hivi vitu viwili haviwezi kuwa kimoja, juu ukiwa na ruzuku unadai nusu ya bei, na ukiwa na msamaha wa kodi hakuna mahali unaweza kwenda kudai chochote. Paneli ya shilingi 10,000 ikiwekewa VAT ya asilimia 16 inakuwa 11,600. Ikisamehewa inabaki 10,000. Hakuna mtu amelipa nusu. Hakuna mtu amelipa hata kumi.

Halafu ziko tofauti kwa vile zinakufa. Ruzuku inakufa pesa ikiisha, mnaambiwa bohari haina mbolea, mnarudi nyumbani. Msamaha unakufa kwa kalamu. Vifaa vya sola vilikuwa vimesamehewa VAT miaka mingi, ikaja Sheria ya Fedha ya 2020 ikaondoa huo msamaha, watu wakanunua na asilimia 16 juu, halafu ya 2021 ikaurudisha. Ndani ya mwaka mmoja. Wale waliokuwa wakisema "sola ya ruzuku" hawakujua hata nini imeondoka, walisema tu serikali imekatalia pesa, na hakuna pesa ilikuwa imepeanwa tangu mwanzo.

Na hapa ndani kuna kosa lingine dogo ambalo linanikera hata kuliko la kwanza, samahani nitakaa hapo kidogo. Watu, pamoja na wengine wamesoma, wanasema kitu "hakina VAT" kana kwamba kukosa VAT ni kwa njia moja. Ni mbili. Kuna kusamehewa, na kuna kutozwa kwa kiwango cha sifuri. Chukua risiti yako ya siku hizi, ile iko na kamsimbo ka kuskani (QR) chini, uangalie karibu na mwisho kuna herufi, A, B, C, D, E. B ndio ile 16. A ni iliyosamehewa. C ni ya sifuri. A na C zote zitakuandikia kodi 0.00 na wewe utasema si ni yale yale.

Si yale yale. Chukulia fundi anatengeneza majiko kule Kisumu upande wa Kibuye. Ananunua mabati, anakodi mashine, analipia stima ya karakana, na kwa vyote hivyo analipa VAT. Kama jiko lake liko kwa orodha ya vitu vilivyosamehewa, ile VAT amelipa huko nyuma haiwezi kurudi, inabaki kwake, na atafanya nini, ataificha kwa bei ya jiko. Wewe unaona 0.00 na kumbe umeilipa, imefunikwa tu. Lakini kama jiko ni la kiwango cha sifuri na amejisajili VAT, anaweza kuomba ile ya nyuma arudishiwe. Kwa nini mnadhani watu wa majiko ya ethanoli walishangilia sana 2023 walipotolewa kwa msamaha na kuwekwa sifuri? Kwa risiti ya mnunuzi hakuna tarakimu ilibadilika, ni herufi tu. Kurudishiwa nako ni hadithi yake, mtu anaweza kungoja mpaka aote mvi, lakini angalau mlango upo.

Haya, tuje kwa stima yenyewe, maana huko nako ruzuku imeingizwa kwa nguvu. Kuna sera inaitwa FiT (feed-in tariff, yaani bei iliyopangwa ya kununua stima), imeanza 2008, ikarekebishwa 2010 na 2012. Serikali ilisema ukizalisha stima kwa upepo, maji, mvuke wa chini ya ardhi, biomasi (kuni, makapi ya miwa na vitu kama hivyo) na kadhalika, kampuni ya kusambaza stima itainunua kwa bei iliyotangazwa mapema, na mkataba ni wa miaka mingi. Ya 2012 ilisema biomasi ya kati ya megawati 0.5 na 10 inunuliwe senti 10 za dola kwa kila kilowati-saa, kwa miaka 20. Januari 2021 ikaguswa tena, sola na upepo vikatolewa vipelekwe kwa mnada, FiT ikaachiwa biomasi, biogesi na maji madogo, isizidi megawati 20.

(Vitabu vinasema tungamotaka badala ya biomasi. Mimi nalijua na nalipenda, lakini nenda uliseme stendi ya Nakuru uone kama hautapigwa.)

Sasa mtu anasikia "bei maalum" na "serikali" kwa sentensi moja na tayari ameandika ruzuku. Kwani nani analipa hiyo senti 10? Si Hazina. Analipa mnunuzi wa stima, na sera yenyewe iliruhusu sehemu kubwa ipitishwe kwa mteja, yaani wewe na mimi tukinunua tokeni. Alichopewa mwenye mtambo ni uhakika. Anajua bei mwaka wa kwanza na anajua bei mwaka wa kumi na tano, anaenda benki na hiyo karatasi anakopeshwa. Na asipotoa stima hapati kitu, kwa hivyo ukiwa na boila na hauna miwa, bei nzuri haikusaidii. Kiwanda cha sukari cha Mumias kiliwahi kuwa na mtambo wa kuchoma makapi ya miwa wakitoa megawati 26 kwa gridi ya taifa kuanzia 2009, na watu wa huko wanakumbuka vile miwa ilipopungua kila kitu kilinyamaza. Naivasha kuna ule wa biogesi wa mabaki ya mboga, zaidi kidogo ya megawati 2, uliojengwa shambani 2015. Hiyo ni biashara imepewa soko.

Mahali hata mimi nasita ni Menengai, ule mlima wa mvuke hapo juu yetu tu. GDC, kampuni ya kuendeleza nishati ya mvuke, ni ya serikali, ilianzishwa 2008, kazi yake ni kuchimba visima vya mvuke halafu kuuzia kampuni za kibinafsi huo mvuke ndio wazalishe stima, na mtambo wa kwanza hapo wa megawati 35 uliwaka 2023. Kuchimba kisima cha mvuke ni kamari ya pesa nyingi sana, unaweza kuchimba kilomita mbili chini na upate mwamba umekauka, na hiyo hasara hapa imebebwa na serikali. Kampuni inakuja ikikuta mvuke tayari unapumua. Inalipia mvuke, ndio, lakini visima vilivyokauka haikulipia. Ukiniambia hapo ndani kuna ruzuku imejificha, sitakubishia sana. Kinachochekesha ni kwamba hapo ndipo ruzuku inaweza kuwa ipo na hapo ndipo sijawahi kusikia mtu akisema ruzuku.

Na pale ruzuku yenyewe ilikuwa wazi, kwa nishati, ilikuwa ya mafuta. 2021 na 2022 serikali ilikuwa inalipa wenye mafuta ili petroli na dizeli zisipande, pesa ikitoka kwa ile tozo ya shilingi 5.40 tunayokatwa kwa kila lita. Hiyo ni ruzuku haswa, imetoka mfuko mmoja imelipa bei ya kitu. Kuni hazikupata hata ndururu, na sensa ya 2019 ilisema karibu asilimia 55 ya nyumba Kenya zinapika kwa kuni. Mama wa Butere anayeokota kuni hana risiti, sasa utamsamehe kodi gani? Yeye hajawahi kudaiwa. Ukiita msamaha ruzuku, utaandika ripoti kwamba watu wanaotumia biomasi wameruzukiwa, na yule mama ataisoma mahali akitafuta yake iko wapi.

Nilimaliza kulipa waya zangu nikamkuta mzee nje anangojea boda, karatasi ameikunja mara nne. Nikamsalimia, nikamwambia, "Mzee wangu, kijana hajakuibia. Hiyo paneli haijalipiwa na mtu, imeachiwa tu ile kodi, ndiyo maana ni hiyo bei." Akaifungua karatasi tena akaiangalia, akaniuliza, "Kwa hivyo hakuna mahali naweza kwenda kuchukua ile nusu?" Nikamwambia hakuna, baba. Akasema basi redioni wangesema tu "haina kodi", yeye angeelewa, ruzuku ni ya mbolea. Kijana wa kaunta, kama unasoma hii, sema hivyo na wewe.