Ulisoma Ustawi wa Jamii, unataka uzamili wa fani nyingine? Soma hili kabla ya kulipia maombi

Tangu dirisha la udahili lifunguliwe, lalamiko linalofika mezani kwetu ni lile lile: "Nimekataliwa kwa sababu nilisoma ustawi wa jamii." Si kweli, tumeshalieleza mara nyingi, na inauma kuona vijana wenye uwezo wakiliamini. Kinachokataliwa ni ombi lisilokidhi sifa za programu husika.

Uzamili wa sheria, kwa mfano, unadai shahada ya kwanza ya sheria. Hapo hakuna mlango wa nyuma. Ualimu una stashahada ya uzamili ya elimu, ila lazima uwe na masomo ya kufundishia, yaani yale yanayofundishwa shuleni. Uzamili wa biashara nao haukufanyi mhasibu. Mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA) iko palepale. Lakini demografia (taaluma ya idadi ya watu), utawala wa umma na mipango ya maendeleo ni jirani zenu kabisa.

Mwombaji mmoja wa demografia alikuwa na ufaulu mzuri wa takwimu na mbinu za utafiti, ila barua yake ilisema tu kwamba ajira za ustawi ni chache. Kamati ikasita. Alipoitwa, akasimulia alivyokuwa akijaza rejesta ya mashauri ya matunzo ya watoto akiwa mafunzoni kwa vitendo, akaona kata mbili zinajirudia humo kila wiki, akataka kujua sababu. Tukamwambia: andika hayo. Aliandika, akapata nafasi.

Sasa nyaraka. Transkripti itumwe na chuo chako moja kwa moja. Shahada ya nje ya nchi ipate kwanza utambuzi wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Majina yakitofautiana kati ya cheti cha kidato cha nne na cha shahada, ambatisha hati ya kisheria ya kubadili jina. Maelezo ya mdomo hayapokelewi. Cheti cha kughushi kikibainika, udahili unafutwa hata ukiwa muhula wa mwisho, shahada iliyokwisha kutolewa inaweza kufutwa, na jalada linakwenda polisi. Mwaka 2017 watumishi wa umma zaidi ya 9,900 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini.

Ada ya maombi hairudishwi. Kwa hiyo hakikisha kwanza kwamba programu imeidhinishwa na TCU, kisha fika ofisi ya shahada za juu ukiwa na nakala ya transkripti mkononi, uulize ni somo gani unalopungukiwa.