Tenki la diatomu likigeuka kijani, pima silikoni kwanza

Diatomu zinazosafisha majitaka zikianza kupoteza rangi yake ya hudhurungi na tenki likawa kijani, wengi hukimbilia kubadili taa. Mara nyingi taa haina kosa. Silikoni imekwisha. Diatomu ni mwani wa seli moja unaojijengea ganda la silika (silikoni iliyoungana na oksijeni), na karibu aina zote hazigawanyiki bila silika hiyo. Nitrojeni na fosforasi zinazobaki majini huchukuliwa na mwani wa kijani na sianobakteria (bakteria wanaotumia mwanga kama mimea), ambao hawana haja ya ganda.

Hata f/2, mchanganyiko wa virutubisho unaotumika sana maabara, una mikromoli (kipimo cha idadi ya atomi) 882 za nitrojeni kwa lita dhidi ya 106 tu za silikoni, ilhali diatomu zenye afya hutumia viwili hivyo karibu atomi kwa atomi. Unafaa kutunzia mbegu (diatomu za kuanzishia tenki), lakini uwiano wake usiuhamishie kwenye tenki la kusafishia maji.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, maana atomi ya silikoni ina uzito mara mbili hivi ya ile ya nitrojeni. Kila miligramu 10 za nitrojeni kwa lita zinadai miligramu 20 hivi za silikoni, yaani takriban miligramu 200 za sodiamu metasilikati yenye molekuli 9 za maji. Soma lebo vizuri: ukiwa na ile isiyo na maji, kiasi hichohicho cha silikoni hupatikana kwa miligramu 87. Chumvi hii ni alkali kali, na dozi hiyo huhitaji takriban mililita 1.4 za asidi hidrokloriki (yenye moli 1 katika lita ya asidi) kwa kila lita ya tenki ili kuisawazisha. Iyeyushe kwenye maji mengi pembeni, kisha uimimine polepole tenki likiwa linakorogwa. Silikoni ikizidi miligramu 50 hivi kwa lita katika maji ya pH (kipimo cha asidi na alkali) ya kawaida, silika huanza kushikamana na kuwa utelezi mweupe ambao seli haziwezi kuutumia. Kwa hiyo majitaka mazito yagawie dozi mara mbili au tatu, siku tofauti.

Adui wa pili ni pH. Mchana seli hula kabonidioksidi na pH hupanda. Ikifika 9 kwenye nyuzi 25, zaidi ya theluthi ya amonia yote huwa katika hali ya sumu inayopenya seli. Tena fosforasi huungana na kalisi na kuzama. Kipimo kitakuambia maji yamesafika, kumbe fosforasi imelala chini na sehemu yake inaweza kurudi pH ikishuka. Mimi huiweka pH kati ya 7.5 na 8.2 kwa kupulizia kabonidioksidi kidogokidogo, na sikubali takwimu yoyote ya fosforasi isiyoandamana na pH ya saa ileile.

Ukijaribu kuondoa metali nzito kwa diatomu, jihadhari na EDTA, kemikali iliyomo kwenye f/2. Hushika metali isigusane na seli, hivyo jaribio huonyesha kana kwamba diatomu hazifai.

Kuvuna ndiko diatomu zinakopendeza kuliko mwani mwingine, kwa sababu ganda ni zito. Zima pampu, acha zitulie saa chache, mwaga maji ya juu. Tope la diatomu linalobaki chini usiliache usiku kucha: oksijeni huisha, seli hupasuka, na nitrojeni uliyoitoa hurudi majini.

Ukitaka ganda lenyewe kwa ajili ya vichujio, chemsha tope taratibu katika haidrojeni peroksaidi ya asilimia 30 ndani ya chombo kilicho wazi na kikubwa mara kadhaa kuliko ujazo, maana hutoa povu kwa ghafla. Asidi kidogo huondoa chokaa. Kamwe usisafishe kwa alkali ya moto, itayeyusha ganda. Ganda safi linaweza hata kugeuzwa silikoni kwa mvuke wa magnesiamu kwenye nyuzi 650 bila kupoteza umbo lake. Mbinu hiyo ilitangazwa Marekani mwaka 2007, na tangu hapo imekuwa msingi wa majaribio ya betri za lithiamu.

Vumbi la ganda kavu huumiza mapafu, kwa hiyo vaa barakoa ya chembechembe. Na tope lililonasa metali lisiende shambani wala kwenye chakula cha samaki, hata likionekana zuri namna gani.