"Daktari, Mzee Usimwambie": Mshauri wa Maadili Huitiwa Nini Wodini?

Ukitaja kamati ya maadili hospitalini, wengi hudhani ni ya kumhoji daktari aliyeharibu kazi, au ile inayopitisha tafiti kabla hazijaanza. Hizo zina wenyewe. Mimi, mshauri wa maadili, huitwa mgonjwa angali kitandani, pale wanaomtibu na wanaompenda wanapokwama juu ya hatua inayofuata.

Hapa Kenya, ombi linalonifikia sana ni hili. Mzee ana saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, imeshasambaa, na watoto wake wamemkingia daktari mlangoni: "Mzee usimwambie. Ukimwambia, umemmaliza." Daktari naye ameshika fomu ya idhini ya kemo, yaani tiba ya dawa za kuua seli za saratani. Mzee atatia sahihi gani kwa tiba ya ugonjwa asioambiwa kuwa anao?

Naanza na faili, kisha namwuliza daktari maswali ya kitabibu tu. Kemo hii inatarajiwa kufanya nini? Asipopewa, atapata nafuu gani ya maumivu? Sehemu hii haina mbwembwe, lakini ugomvi mwingi unaoitwa wa maadili huishia hapo. Unakuta familia inauza shamba ikiamini mzee atapona, ilhali daktari anatarajia kumwongezea miezi na kumpunguzia shida ya kumeza. Hakuna aliyewaketisha pamoja. Pengine msemaji wa familia ni kijana aliye ng'ambo anayelipa bili, na hajamwona baba yake tangu augue. Kulipa bili ni jambo la heshima, ila hakumpi mtu mamlaka juu ya mwili wa mzazi wake mwenye akili timamu.

Kisha kuna sheria. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Afya ya 2017 kinamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, tiba zilizopo, faida, hatari na gharama zake, na haki yake ya kukataa. Kimeacha mwanya mmoja: pakiwa na ushahidi mzito kwamba kumwambia hali yake hakutakuwa kwa masilahi yake. Familia huung'ang'ania mwanya huo, nami huuliza ushahidi uko wapi. Mgonjwa aliyewahi kujaribu kujiua, hapo tutulie tufikiri. Hofu ya mwanawe, hata iwe ya upendo kiasi gani, haitoshi.

Hata hivyo, simwendei mzee na kumtwisha habari kwa sababu tu sheria inaniruhusu. Namwuliza kwanza, tukiwa wawili: "Mzee, wako wanaopenda kuelezwa kila kitu kuhusu ugonjwa wao, na wako wanaotaka watoto wao ndio waelezwe. Wewe ungependa vipi?" Akisema, "Ongeeni na kifungua mimba wangu," huo ni uamuzi wake halali na tunauheshimu. Akitaka kujua, anaambiwa, na watoto wakipenda wanakuwepo. Si wachache wanaojibu kwamba walishajua. Walikuwa wakiwaonea watoto huruma.

Familia zikichoka huniambia, "Basi amua wewe." Hapo hukataa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko Seattle, Marekani, mashine za kusafisha damu zilikuwa chache, ikaundwa kamati ya raia wa kawaida kuchagua nani apate nafasi. Wakajikuta wakipima ndoa ya mtu, kazi yake, hata kanisa analosali. Mtu asiyekuwa mgonjwa, wala daktari wake, wala jamaa, akipewa rungu la kuamua, hapo ndipo anapoweza kufika.

Kwa hiyo ninachoacha kwenye faili ni ushauri: mgonjwa alisema nini, nani alikuwepo, njia zipi zinakubalika na kwa nini. Daktari anaweza kutoufuata, mradi aandike sababu zake. Jambo moja nalisisitiza kila ninakofanya kazi: muuguzi aruhusiwe kuniita moja kwa moja bila kupitia kwa daktari mkuu, maana saa nane za usiku yeye ndiye anayeulizwa dawa hii ni ya nini.